Mama Alipotangazwa Chanzo

Maji yalianza kumtoka mama visiginoni siku binti yake alipokuwa anamsugua magaga. Binti huyo alikuwa dobi, na kazi hiyo aliifanya kila alipomaliza kupiga pasi, mguu wa mama ukiwa mapajani mwake. Mwanzoni alidhani amemkata. Alipoona si damu, ni maji, tena safi na ya uvuguvugu, aliinuka akaleta beseni. Beseni lilipojaa akaleta ndoo. Mama alisema hasikii maumivu, ila kiu kidogo. Akapewa kikombe cha maji, akanywa.

Kichochoro chao hakikuwa na bomba. Mamlaka ya Maji ya mkoa ilikuwa imewaeleza kwa upole, tena zaidi ya mara moja, kwamba kichochoro ni chembamba na bomba halipiti. Wanawake waliteka mbali, na dobi alisuuza mashuka ya watu kwa maji yenye tope huku moyo ukimuuma. Sasa majirani walikuja na madumu mlangoni kwake. Mama alikaa kizingitini, miguu nje, akiwatania waliobeba madumu makubwa kupita wenzao. Maisha yake yote alikuwa na mkono wa birika, hata chumvi alimpimia jirani kwa ncha ya kijiko, na uzee ulipomfanya mkarimu bila kupenda, aliona raha.

"Shangazi," fundi viatu wa mlango wa tatu alimwambia, "miguu hiyo sikushonei viatu tena. Nitaua watu kwa kiu."

Mama alicheka mpaka akapaliwa, akaomba maji.

Aliyepeleka habari kwa Mamlaka ni dobi mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mteja wake mkubwa alikuwa mwanasheria wa Mamlaka, mwenye nyumba kule kilimani, na dobi aliamini kwamba wakubwa wakijua maji yapo, wataleta bomba, watu watapata mlangoni kwao, na mama atapumzisha miguu. Mwanasheria alimsikiliza hadi mwisho, shati mkononi.

"Umefanya vizuri kuniambia, dada," alisema. "Wengine wangeficha."

Dobi alirudi nyumbani kichwa juu.

Sheria haikuwa na utata. Maji yote ya mkoa, yatoke ardhini au kwingineko, yako chini ya Mamlaka. Chanzo kikigunduliwa, Mamlaka ina uwezo wa kukitangaza, kukizungushia uzio na kuondoa makazi ya watu hadi umbali uliowekwa. Mpima ardhi alifika na utepe, akamwomba mama kwa adabu amshikie ncha yake kwenye kidole gumba cha mguu. Mama alishika. Utepe ukanyooka, ukaupita mlango wa fundi viatu, ukaendelea. Kila nyumba uliyoipita ilichorwa alama nyekundu ukutani. Fundi viatu alibeba nyundo zake kwenye gunia, akamtazama dobi, akaondoka bila kuaga, na hiyo ilimkata maini kuliko matusi.

Nyumba zilipovunjwa kichochoro kikawa kipana. Bomba likapita bila taabu, likapanda kilimani.

Dobi naye alihesabiwa kuwa makazi. Alipanga chumba nje ya eneo, na jioni alisimama kwenye seng'enge kumwangalia mama, ambaye alikuwa ameketi chini ya paa jipya la mabati, miguu ndani ya tangi la saruji. Hakuteswa. Alifagiliwa pale alipoketi kila asubuhi.

"Mwanangu, nina kiu," mama alisema.

Dobi alileta jagi. Mlinzi, mtu mzima mwenye heshima zake, alisimama katikati.

"Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu. Ila kitu chochote kikiingia kwenye chanzo, huo ni uchafuzi."

"Ni maji tu, mzee."

"Yametibiwa?"

Hayakuwa yametibiwa. Hata ya mama mwenyewe, yaliyokuwa yanapita chini ya kiti chake, hayakuruhusiwa kunywewa kabla ya kutiwa dawa. Maji yaliyotibiwa yalikuwa kilimani. Basi dobi alikwenda kufua kwa mwanasheria kama kawaida, na alipomaliza akajaza chupa kwenye bomba la jikoni. Mwanasheria alimkuta nayo getini. Alimweleza taratibu kwamba maji ya nyumba hii ni ya kutumika nyumba hii. Kuyatoa na kuyapeleka kwingine ni kusambaza maji bila kibali, na uwezo wa kusambaza ni wa Mamlaka peke yake.

"Ningekuwa mtu mbaya ningekushtaki," alisema, akamruhusu ayamwagie maua.

Dobi aliuliza mama atakunywa nini. Mwanasheria alifikiri kwa dhati, kwa maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Alisema Mamlaka inaweza kupeleka huduma popote penye wakazi. Pale, kwa sasa, hapakuwa na mkazi.

Dobi alimchukia siku ile, akajichukia yeye zaidi. Kesho yake alirudi kufua, kwa sababu maji ya kilimani yalikuwa ya uvuguvugu. Kabla ya kuloweka nguo alifungua bomba la kwenye karo, akaweka kiganja chini yake, akakiacha hapo. Mke wa mwanasheria alidhani anapima joto.

Asubuhi moja maji yalitoka baridi.

Dobi hakuondoa mkono hadi vidole vilipokufa ganzi. Maji hayakupungua nguvu hata kidogo. Mwanasheria alipita akielekea kazini, akakinga kikombe, akanywa, akafuta midomo.

"Afadhali haya," alisema. "Yale ya uvuguvugu yalikuwa hayakati kiu."

"Bosi, naomba mnipe mama nikamzike."

Alimhurumia, ilionekana usoni. Alimwambia chanzo hakizikwi, dada, maadamu bado kinatoa. Kisha akauliza kama shati lake jeupe litakauka kabla ya mchana.

Dobi alitazama jua. Alisema litakauka, akalitumbukiza kwenye maji, akaanza kulisuuza polepole, kama mtu anayeosha miguu.