Heshima kwa Mgeni

Luned aliingia ukumbi wa kanisa akiwa amemshika baba yake mkono, moyo wake mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Wiki nzima mzee Gwilym alikuwa akijizoeza hotuba yake jikoni, na sasa maneno yalikuwa yamemkaa sawasawa mdomoni. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kiingereza chote, kikamwachia Kiwelisi, lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Hapa Porth Eithin, kijiji chetu cha pwani ya Wales, hilo lisingekuwa tatizo. Wote waliokaa ukumbini walikulia Kiwelisi, kuanzia Tegwen wa birika la chai hadi mwenyekiti, Emrys Benki, tunayemwita hivyo mpaka leo ingawa benki aliyofanyia kazi imeshageuzwa duka la mishumaa.

Shauri la mkutano wa kijiji lilikuwa banda la gatini. Kampuni fulani ilitaka kulifanya mkahawa. Gwilym ndiye pekee aliyebaki akitengeneza humo madema ya kutegea kambakoche, na tangu augue, banda hilo ndilo lililomfanya avae viatu asubuhi. Wazee wenzake humpitia pale na kupiga soga. Akinyang'anywa, atakaa dirishani akitazama shakwe, na Luned alijua wazi kwamba baba yake hatauona mwisho wa baridi.

"Gwilym, wewe ndiye utakayeanza," Emrys alisema kwa Kiwelisi. "Nasikia umetuandalia hotuba, bwana. Usituweke hapa mpaka kesho!"

"Nitawaweka mpaka mkubali," Gwilym akajibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Hapo mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Hartley, Mwingereza aliyehamia ile nyumba ya juu kilimani. Alikunja mwavuli wake, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Hakuomba chochote.

Na Emrys, papo hapo, akahamia Kiingereza. Akamkaribisha, akaeleza shauri upya, akarudia utani wake. Watu wakacheka upya, wanafiki wakubwa. Ndivyo tulivyo sisi wa pwani hii, sijui nani alituloga. Akitokea Mwingereza mmoja, chumba kizima kinageuza ulimi, hata kama ni msibani, hata kama marehemu mwenyewe hakukijua Kiingereza. Tunaiita heshima.

Luned alimwinamia Tegwen. "Baba hataelewa kitu!"

"Sasa tufanyeje, mwanangu? Mgeni yupo. Ni aibu."

Gwilym alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akaanza kwa Kiwelisi. Sauti ilimtoka safi. Hakumaliza hata sentensi ya kwanza, Emrys akainua mkono huku anatabasamu, akamwonyesha kwa kidole kule nyuma.

"Kwa Kiingereza, Gwilym, kama hutojali. Tuna mgeni."

Mzee alimtazama, akamtazama mgeni, akaelewa anachotakiwa. Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Midomo ilicheza muda mrefu bila kutoa kitu.

"Banda," alisema hatimaye kwa Kiingereza. "Banda... zuri. Mimi..."

Kuna aliyekohoa. Luned akasimama. "Mwacheni aseme kwa lugha yake, mimi nitatafsiri."

"Asante, Luned, ujumbe umefika," Emrys akasema. "Asante, Gwilym. Tumekuelewa."

Walielewa nini? Hakuna walichoelewa. Gwilym aliketi, akaweka mikono magotini kama mtoto aliyekaripiwa, akasubiri wamalize wanayoyasema juu yake. Kura zikapigwa. Banda likaenda kwa kampuni, kwa mikono miwili tu iliyozidi, na mkono wa Emrys ulikuwa wa kwanza kupanda.

Kwenye chai, Luned alimfuata Emrys mpaka mezani, pale kwenye mkate wa zabibu.

"Umemfunga baba yangu mdomo mbele ya watu!" alifoka, kwa Kiwelisi, na safari hii hakujali nani anageuka. "Umekaa naye dawati moja shuleni, Emrys! Unajua fika kwamba hana Kiingereza!"

"Binti, punguza sauti. Nilikuwa nafanya adabu tu."

"Adabu! Adabu ya kumzika mtu mzima akiwa hai! Na nyie wengine wote, mmekaa mmeufyata, mnatafuna mkate! Hamna haya? Hakuna hata mmoja wenu aliye..."

"Samahani," sauti ilisema kwa Kiingereza nyuma yake.

Alikuwa Hartley, kikombe mkononi, uso umemwiva. "Nilipiga kura banda libaki. Natamani ningemsikia baba yako. Alitaka kusema nini?"

Luned akageuka. Na kabla hajafikiri, uso wake ulikuwa umeshalainika, tabasamu limeshakaa mahali pake, na Kiingereza kinamtoka laini, cha mezani, cha wageni.

"Ah, asante sana, Bwana Hartley. Usijali kabisa. Samahani kwa kelele zetu."

Aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka. Emrys alishusha macho kwenye kikombe.

Gwilym alikuwa amesimama karibu, ameshachukua kofia. Alimtazama binti yake akizungumza, kwa subira, kama mtu anayengoja wengine wamalize habari zao.

"Ongea na mgeni, mwanangu," alimwambia kwa Kiwelisi, polepole. "Mimi nitakungoja nje."