Kipimo cha Tezi cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na figo mbovu na tezi ya shingo iliyochoka, lakini mdomo wake ulikuwa na afya tele. Miaka minne aliyokaa kwetu hakukosa la kusema juu ya viatu vyangu, kukoroma kwangu na kazi yangu ya maabara, aliyoiita kushinda na mikojo ya watu.

Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu kwa mashine. Siku ya kupimwa tezi, fomu niliisahau kwenye koti. Nilipoifikisha, mashine ilikuwa imeshawashwa.

"Tusubiri Ijumaa," nesi alisema.

"Damu ni damu," nikamwambia. "Chota hapo hapo kwenye mpira wa mashine."

Majibu yalionyesha homoni ya tezi iko juu mno. Kipimo cha pili, cha homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, ambacho kingepaswa kushuka, nacho kilikuwa juu kidogo. Nikasema hayo ni mambo ya figo, maana figo husingiziwa kila kitu, nikasaini. Daktari akamsimamishia vidonge vya kuongeza homoni ya tezi alivyokuwa akimeza kila siku.

Kufikia wiki ya nne nyumba ilikuwa imetulia. Mama mkwe alivaa sweta juani, uso ukamvimba, akawa anasinzia mezani. Siku moja alinisifia viatu. Mke wangu alitaka tumrudishe hospitali.

"Ni figo tu, mama watoto," nikamwambia. "Mwache apumzike."

Sitaficha, utulivu ule niliupenda.

Jumatatu mke wangu alimtikisa, hakuamka. Hospitalini daktari aliuliza damu ya kile kipimo ilichotwa lini. Ningeweza kunyamaza.

"Mashine ikiwa inazunguka," nilisema. "Mimi ndiye niliyeagiza."

"Basi dawa ya kuzuia damu isigande ilikuwa imeshaingia. Ndiyo iliyodanganya kipimo. Mama hakuwa na homoni ya ziada."

Walipima upya kabla ya mashine. Homoni ilikuwa karibu na sifuri.

Baada ya siku kumi za dawa aliweza kukaa kitandani. Nilimweleza yote, fomu, mpira na saini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukujua," alisema.

"Sikujua, mama."

"Lakini nilipokuwa kimya, ulifurahi."

Mke wangu, aliyekuwa akimkanda miguu, alisimamisha mikono.

"Ndiyo, mama," nikasema.