Vilemba Viwili Mlangoni

Umoja wa kina mama wa mtaa ule wa wanajeshi wastaafu ulikuwa na kanuni nyingi, na nyingi zilivunjwa kabla wino haujakauka. Ilikuwepo ya kutosengenya kikaoni, ambayo haikuwahi kumaliza kikao kizima ikiwa hai. Ilikuwepo ya kuvaa kilemba cha buluu kwenye kazi ya umoja, na hiyo ilishikwa kwa sababu kilemba kilikuwa kinawapendeza. Lakini ilikuwepo moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: kwenye nyumba ya mwanajeshi hawaendi wawili. Iwe kupeleka sabuni, iwe kumpelekea mjane mahitaji, iwe kumsaidia mke kumgeuza mume aliyelemaa kitandani, wanakwenda watatu. Wakipungua, wanaahirisha.

Sababu waliijua wote. Wakati wa vita, mwanajeshi akifa, ofisi haikutuma barua. Ilituma wanawake wawili wa umoja. Mmoja alijua. Wa pili aliambiwa tu, "Twende unisindikize," ili uwepo uso mmoja usio na siri na bega moja la kulilia. Wakifika husema kuhusu mume, "Hajambo. Fungua tukae." Habari haikusemwa mlangoni. Mtu akianguka, aangukie kitini.

Vita viliisha, lakini hesabu ile haikumtoka mtu kichwani. Mtaani pale hata mtoto wa chekechea akiona vilemba viwili alikimbilia kwao kuhesabu watu.

Siku hiyo ya Alhamisi walitoka watatu, tena mchana kweupe. Wa kwanza alikuwa mshonaji, mwanamke mwembamba waliyembandika jina la Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Alibeba sanduku la nguo za kichanga alizozishona kwa wiki mbili, fulana, soksi na vikofia vidogo kama vifuniko vya chupa. Wa pili alikuwa nesi mstaafu, mama mzito wa maneno aliyekuwa mwenyekiti. Wa tatu alikuwa mwoka mikate, jina la utani Tanuri, mtu ambaye asingeweza kupita hata kuku bila kumjulia hali.

Walikuwa wanakwenda kwa mke wa Dereva. Dereva mwenyewe aliendesha malori ya jeshi mpaka bomu la ardhini lilipomwachia kipande cha chuma karibu na uti wa mgongo, na Jumatatu alikuwa amepasuliwa katika hospitali ya mji wa mbali ili kitolewe. Madaktari hawakuficha: anaweza kuamka bila miguu, anaweza asiamke. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane na presha iliyokuwa inapanda kama moshi, ndiyo maana hakuruhusiwa kusafiri. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu Jumamosi, na simu yake ilikuwa imezima. Siku tatu alikuwa ndani, anasubiri.

Asubuhi simu ya ofisi ya umoja iliita, akapokea Nesi. Sindano alipofika na sanduku lake alikuta mazungumzo yamekwisha.

"Dereva katoa salamu," Nesi alimwambia, huku anajifunga kilemba. "Tutamwambia mkewe tukishakaa."

Sindano hakuuliza zaidi. Ndivyo ilivyokuwa desturi.

Nyumba tano kabla hawajafika, Tanuri alimwona fundi viatu aliyekuwa na jino bovu wiki iliyopita, naye hakuwa mtu wa kuacha jino la watu lipite hivi hivi. "Tangulieni, nakuja sasa hivi," akasema. Hapo hapo mvua ikaanza. Matone makubwa, ya hasira. Sindano akaona sanduku la karatasi linaanza kulegea mikononi, na fulana zake ndani.

"Kimbia, dada!"

Wakakimbia. Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilifanywa na wanawake wawili walioijua ile kanuni kuliko mtaa mzima. Walikuwa wanafikiria fulana.

Mlango wa Dereva ulikuwa wa chuma, ameuchomelea mwenyewe. Dirishani palikuwa na nondo, na nyuma ya nondo pazia lilisogea. Jicho moja likatazama. Pazia likarudi mahali pake, kisha komeo likaingia, kisha la pili.

"Mdogo wangu," Sindano akaita, "fungua basi. Nguo za mtoto zitapata mafua kabla ya mwenyewe."

Komeo halikusogea.

"Au umechukia hatukuja na keki? Tanuri ndiye mwenye mkate, na unamjua, hapo alipo anahesabu meno ya fundi viatu."

"Mko wangapi?" Sauti ilitoka ndani, nyembamba.

"Watatu."

"Nawaona wawili."

Ndipo Sindano akageuka kumtazama Nesi, Nesi naye akamtazama, na wote wawili wakaelewa wamesimama wapi.

"Wa tatu yuko njiani," Sindano akasema upesi. "Naapa. Chungulia uone."

"Mmekuja mnakimbia."

"Mvua, mdogo wangu. Mvua tu."

Mke wa Dereva alikuwa amezaliwa mtaa ule ule. Alikuwa na miaka tisa vilemba viwili vilipokuja kwa mama yake. Haikuhitajika kumfundisha kuhesabu.

Nesi akasogea, akaweka kiganja kwenye chuma. Akasema kwa ile sauti yake ya wodini, nzito na tulivu, isiyopanda wala kushuka:

"Mwanangu, Dereva hajambo. Fungua tukae."

Ndani kitu kilianguka chini, kizito, kama gunia la unga.

Ng'ambo ya njia redio ya betri iliyokuwa inaimba ikapunguzwa, ikazimwa. Mzee aliyekuwa amejikinga mvua barazani akavua kofia. Mama mmoja akatoka na viti viwili vya plastiki, akasimama navyo pale pale, hajui avilete au avirudishe.

"Rudisha viti!" Sindano akamfokea. Sauti yake ikamtisha mwenyewe.

Akachungulia kati ya nondo. Pazia lilikuwa limeacha upenyo wa vidole viwili. Mke wa Dereva alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mkono mmoja tumboni na mwingine umeshika shingo. Alikuwa anapumua kwa mdomo, haraka haraka.

"Dada, kakaa chini. Anahema vibaya."

"Juzi presha yake ilikuwa juu," Nesi akasema kwa sauti ya chini. "Ikipanda zaidi ya pale atapata kifafa cha mimba. Humo humo, peke yake. Tutakuwa tunamtazama dirishani."

"Tuvunje mlango."

"Tuvunje na nini? Na kilemba?"

Sindano akaupiga mlango bega. Mlango haukutikisika hata kwa adabu. Akajaribu tena, bega likalia. Hapo, ameegemea chuma chenye baridi, maji yanamtiririka shingoni, ndipo wazo lilipomjia.

Yeye hakuisikia ile simu. Aliambiwa tu, twende.

Miaka kumi na saba iliyopita vilemba viwili vilisimama mlangoni kwake, na sauti hii hii, ya mwanamke huyu huyu, ilisema, "Hajambo. Fungua tukae." Naye, mjinga wa furaha, alifungua. Alikuwa amehamia mtaani mwezi huo, hakuna aliyemfundisha hesabu. Akabandika chai. Akamtania Nesi kwamba gagulo lake linachungulia. Akacheka, akatia sukari, akawahudumia. Nesi alikunywa nusu kikombe, akakiweka chini, ndipo akasema. Sindano alimsamehe kwa mambo yote ila ile chai.

"Dada," akasema, hajageuka. "Leo mimi ni bega?"

"Nini?"

"Umenileta niwe bega? Niambie ukweli. Dereva kapiga simu mwenyewe?"

"Kapiga mwenyewe."

"Umesikia sauti yake?"

"Nimeisikia."

"Kasema nini?"

Nesi akajifuta uso. Mvua ilikuwa inamchuruzika kwenye kidevu. "Nitasema ndani. Unajua habari haisemwi mlangoni."

"Habari mbaya."

"Habari."

"Siku ile kwangu, nani alijua?"

"Mimi."

"Ukaniambia hajambo."

"Nikakuambia."

"Kwa sauti hiyo hiyo."

"Sina nyingine," Nesi akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote waliyofahamiana sauti yenyewe ilikwaruza. "Unafikiri napenda? Wa kwanza kabisa nilimwambia mlangoni. Nilikuwa msichana, niliogopa, nikataka nitue ule mzigo nikimbie. Akaanguka kwenye ngazi, akagonga kichwa. Hakuamka. Tangu siku hiyo simwambii mtu kitu mpaka amekaa. Hata akishinda bahati nasibu, atakaa kwanza."

Sindano hakuwa amelijua hilo. Ingelikuwa siku nyingine angelilibeba nyumbani akalitafakari taratibu mbele ya cherehani. Leo hakuwa na hata dakika.

"Huyu amekaa, dada," akasema. "Yuko sakafuni, hana pa kuanguka tena. Sema."

Nesi alitazama kile kizingiti kama mtu anayetazama mto uliofurika. Akainama mpaka kinywa kikafika usawa wa tundu la komeo.

"Mwanangu," akasema. "Mumeo hajafa."

Neno lile halikuwahi kutamkwa na kilemba cha buluu mbele ya mlango wowote. Ng'ambo ya njia mama wa viti aliketi kwenye kimoja.

Ndani pumzi zilikuwa bado zinasikika, na zilikuwa bado za haraka.

"Ndivyo mnavyosema," mke wa Dereva akasema hatimaye. "Kwa mama yangu mlisema baba hajambo."

"Tulisema. Sasa nakupa maneno yake, neno kwa neno, usiponiamini basi tena." Nesi akavuta pumzi. "Kasema: Mwambie mke wangu nimeamka. Mwambie miguu yote miwili naisikia. Tena naisikia vizuri kiasi cha kujua kwamba kandambili zote mbili alizonifungia ni za mguu wa kushoto. Jana daktari kanitembeza hatua kumi, nimetembea kama bata, wodi nzima imecheka. Mwambie atazame chini ya kitanda."

Sindano akabana kicheko na kilio pamoja. Kandambili zile alizijua. Mwaka jana umoja uligawa jozi kwa kila mstaafu, nyeusi zenye mkanda mwekundu, na Dereva alikuwa nazo tayari jozi nyingine kama hizo hizo, akalalamika kwamba kina mama hawana ubunifu.

Wakasubiri. Mvua ilipiga mabati. Mzee wa barazani alikuwa bado ameshika kofia kifuani. Sindano alikuwa anahesabu moyoni bila kujua anahesabu nini, na Nesi alikuwa amefumba macho, paji la uso limeegemea chuma.

Kitanda kikaburuzwa. Polepole, kwa vituo, jinsi anavyoburuza mtu mwenye tumbo la miezi minane. Kikasimama.

Komeo moja. La pili.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mke wa Dereva alikuwa amesimama, uso umevimba, utando wa buibui kwenye nywele. Mikononi alikuwa na kandambili mbili nyeusi zenye mkanda mwekundu. Zote za kulia.

"Nilifunga gizani," akasema. "Umeme ulikuwa umeshakatika."

Halafu akamrushia Nesi moja, ikampata begani. Nesi hakuikwepa.

Ndipo Tanuri alipotokea, mkate kwapani ndani ya mfuko wa nailoni, anahema kama gari bovu. Akaona watu barazani, mzee na kofia mkononi, mama wa viti, na wenzake wawili wameloa mpaka kwenye mifupa.

"Mbona mmesimama kama nguzo za umeme?" akauliza. "Kafa nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Hata mvua ilionekana kupungua ili ipate kumwona vizuri.

"Wewe," Sindano akasema. "Tulikuwa tunakungoja uje uthibitishe. Ingia."

Ndani, Nesi alimlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, akamfunga kipimo mkononi, akatazama mshale kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. "Iko juu," akasema. "Lakini inarudi. Tanuri, katafute gari, leo analala hospitali nikimwona." Tanuri akatoka mbio, safari hii bila kumsalimia mtu. Sindano akafungua sanduku. Lilikuwa limelowa upande mmoja tu. Vikofia vitatu vilihitaji kuanikwa, vingine vilikuwa salama.

"Ngoja niwabandikie chai wakati gari linakuja," mke wa Dereva akasema, akataka kujiinua.

Nesi na Sindano walisema "lala" kwa pamoja. Kisha kila mmoja akatazama upande wake.

"Nitapika mimi," Nesi akasema.

Akawasha jiko, akatafuta majani, akatafuta sukari kwenye makopo ambayo hakuyajua. Alichukua muda mrefu. Aliporudi alimpa Sindano kikombe kwa mikono miwili, naye akakaa na chake kwenye kiti cha pembeni, gagulo lililolowa linachungulia chini ya gauni.

Sindano akaonja.

"Sukari umetia, au umeionyesha tu kikombe?"

Nesi alikuwa anakunywa. Alipofika nusu mkono wake ulisita, ukataka kukishusha kikombe mezani kwa mazoea. Sindano alikuwa anamtazama. Nesi akakirudisha mdomoni, akanywa taratibu mpaka mwisho, na Sindano hakuondoa macho mpaka alipoliona tako la kikombe.