Mgonjwa wa Kwanza

Kwa miaka ishirini na mbili Daktari Marilde Fachinetto aliandika juu ya makovu ya retina, yale mabaka yanayobaki nyuma ya jicho vijidudu vikishafanya kazi yao. Makala kumi na tisa, na zote zilisema jambo lile lile kwa maneno tofauti: kwenye vilima vya kusini mwa Brazili watu huonja nyama mbichi ya nguruwe wakitengeneza soseji, na macho yao ndiyo yanayoumia. Waliozisoma walikuwa madaktari wa Ujerumani na Japani. Jikoni kwa mama yake hakuna aliyesoma hata mstari mmoja, na Marilde, kusema kweli, hakuwahi kujisumbua kupeleka nakala.

Mgonjwa wa kwanza katika orodha yake alikuwa yeye mwenyewe. Alizaliwa na kovu katikati ya jicho la kushoto. Akifumba la kulia, huona kingo za mlango lakini hamwoni mtu aliyesimama mlangoni. Kwenye makala alijiandika "mwanamke, kovu la kuzaliwa," na mbele yake, kwenye safu ya majibu ya mama mzazi, aliandika: hakuhojiwa. Mama mwenyewe, Bi Odila, alishaamua zamani kwamba jicho liliharibiwa na radi iliyopiga shambani akiwa na mimba ya miezi sita. Marilde aliiacha radi ibebe lawama.

Julai moja alifika kwa mama yake asubuhi, baridi imekaza. Nguruwe alikuwa amechinjwa jana yake, nyama imeshasagwa, na Bi Odila ameizamisha mikono yote miwili kwenye karai. Kando yake alikaa Jussara, binti wa kaka yake Marilde, mwenye mimba ya miezi mitano, akinyonya chai chungu kutoka kwenye kibuyu kwa mrija.

"Umechelewa, daktari," Bi Odila alisema bila kuinua kichwa. "Huko hospitali hawana saa?"

"Wanazo, mama. Barabara ndiyo imeganda."

"Miguu yako je, nayo imeganda? Vaa aproni."

Kisha akamega kidonge cha nyama mbichi, akamnyooshea Jussara. Katika jiko lile, kama kuna mwenye mimba, chumvi huamuliwa na yeye, maana inasemekana ulimi wake haukosei.

"Haya mjukuu wangu, fungua kinywa. Imekolea?"

Marilde aliudaka mkono wa mama yake. "Kaanga kwanza."

"Nikikaanga ataonja mafuta, si chumvi! We vipi?"

"Kidogo tu, shangazi," Jussara alisema akicheka. "Hata kucha hakijai."

Marilde alieleza, kwa sauti ile tulivu aliyoitumia katika nyumba mia sita alizopita akihoji wanawake: vijidudu, kondo la nyuma, jicho la mtoto tumboni. Bi Odila alimsikiliza kama anavyosikilizwa mpiga debe wa uchaguzi.

"Hayo ya vitabuni," alisema. "Mimi nilionja kwa mimba yako, nikaonja kwa ya kaka yako. Humo vitabuni mwako yumo hata mtu mmoja wa nyumba hii?"

Angeweza kusema hayumo. Lakini kidonge kilikuwa bado mkononi, na Jussara alishaanza kuinama.

"Nimo mimi," Marilde alisema. "Haikuwa radi, mama."

Kidonge kilirudi karaini. Bi Odila alilitazama jicho la kushoto la binti yake, kisha akaenda kunawa mikono, akainawa mpaka ikawa myekundu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nikiwa chuoni. Mwaka wa tatu."

"Na mimi umeniandikaje?"

"Hakuhojiwa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa." Marilde aliona aibu. Wanawake mia sita aliwauliza bila kupepesa macho.

Jussara alikuwa ameshainuka na kuweka kikaango motoni. Bi Odila alivuta kiti, akaketi, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Haya, nihoji."

Marilde alitoa karatasi ya maswali mkobani. Alisoma swali la saba kama lilivyochapwa, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kulisoma: "Ulipokuwa mjamzito, uliwahi kuonja nyama mbichi ya nguruwe?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila tulipochinja." Bi Odila alingoja kalamu itulie. "Andika na hili. Wajukuu wangu wanne mama zao walionja mkononi mwangu, na binti yangu alijua, hakuniambia."

Karatasi haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Marilde aliliandika pembeni.