Mshale Mzito kwa Bega Bovu

Mwezi wa Februari Orrin Tollefsrud aliteleza kwenye ngazi ya ghala la nyasi, akadaka boriti kwa mkono wa kulia asije akafika sakafuni. Boriti ilimwachia uhai, ikamchukulia bega. Daktari wa mjini La Crosse alimpasua, akamshona, akamfunga mkono kifuani hadi mwezi wa Mei. Siku ya kumfungua akamwambia kwamba ule upinde wake wa kuwindia wenye mvuto wa ratili sabini, aliozoea kuuvuta kama mtu avutaye pazia, auage.

"Arobaini na tano," daktari alisema. "Ukizidisha hapo, tutaonana tena mezani kwangu."

Mkewe, Marlys, ndiye aliyeendesha gari siku hiyo. Njia nzima ya kurudi kwenye vilima vyao Orrin alitazama mashamba ya mahindi machanga, asifungue kinywa ila mara moja.

"Arobaini na tano. Huo ni upinde wa mwanamke."

"Wangu ni arobaini na mbili," Marlys alijibu, macho yake barabarani. "Na sijawahi kukulaza njaa."

Hakulisema kwa kumchoma. Lilikuwa neno la kweli, na Orrin alilijua. Marlys alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mifupi, na tangu alipoanza kupanda dungu la kuwindia juu ya mti, miaka ishirini na kitu nyuma, alijua kwamba nguvu za kuazima hana. Akajitengenezea mshale wake mwenyewe: fimbo nene, ngumu, na mbele yake kigumba kizito cha chuma kitupu chenye makali mawili, hakina bawa wala kifyatuo. Orrin na mdogo wake Duane, aliyekaa ng'ambo ya barabara, waliiita mishale hiyo miti ya ufagio. Kila msimu walimcheka, na kila msimu alishusha kulungu wake, akawaita waje wamsaidie kumburuta.

Mwezi wa Agosti Orrin alilegeza skrubu za upinde wake wa kisasa wenye magurudumu nchani, akaupunguza mvuto mpaka mizani ikasoma arobaini na tano. Mishale hakuigusa. Ilikuwa ile ile ya siku zote, miembamba, gramu ishirini na tano kila mmoja, na vigumba vyake vilikuwa vya kukunjua: vikiruka vimefumba mabawa, vikigonga nyama vinayafungua. Akasimama nyuma ya zizi, akapiga shabaha ya sponji mishale mitatu ikakaa pamoja kama vidole vya mkono mmoja.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Bado nipo."

"Upo," Marlys akasema. "Ila hatuli sponji."

Akaingia ndani, akatoka na bega la kulungu wa mwaka jana, lililokuwa limeyeyuka tangu asubuhi likingoja supu. Akalifunga kwa kamba mbele ya shabaha, akalifunika kwa kipande cha ngozi, akasogea pembeni.

"Piga."

Orrin alivuta, akaachia. Mshale uligonga, ukatoa mlio kama wa mtu aliyebisha hodi, kisha ukainama taratibu na kuning'inia. Kigumba kilikuwa kimefungua mabawa kwenye ngozi, kikamaliza nguvu zake hapo, kikauchubua mfupa na kukomea hapo hapo. Marlys aliuendea mshale. Aliuchomoa, akarudi kwenye mstari na upinde wake mwenyewe, akapiga. Wake ulipasua ngozi, ukatoboa bapa la mfupa, ukazama kwenye sponji mpaka manyoya.

Orrin alilikagua lile tundu. Akaingiza kidole.

"Bega ni mfupa mgumu," akasema mwishoni. "Mimi sipigi bega. Napiga mbavu."

"Sote tunapiga mbavu. Lakini kulungu hajui hivyo. Wewe unaachia, yeye anageuka. Ulipokuwa na ratili sabini, kosa lake ulilifunika kwa nguvu. Sasa utalifunika kwa nini?"

Orrin alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalisugua bega. Marlys alimwacha. Alikuwa amekaa na mwanamume huyu muda wa kutosha kujua kwamba ukimsukuma anageuka mawe, na ukimwacha anakuja mwenyewe.

Alikuja baada ya chakula, akateremka chumba cha chini ambako Marlys alikuwa ameshawasha taa juu ya meza yake.

"Haya, mama," akasema. "Nitengenezee miti ya ufagio."

"Sikutengenezei. Tutatengeneza."

Wakakaa. Marlys alimwekea kimizani kidogo na kumpa vigumba tofauti avipime. Cha Orrin cha zamani kilikuwa gramu sita na nusu. Kile ambacho Marlys alimchagulia kilikuwa mara mbili yake.

"Ukiweka uzito mbele, mshale unajivuta wenyewe, mkia unafuata. Ukiweka nyuma, unatikisika kama mkokoteni usio na ng'ombe."

"Na utakwenda polepole."

"Utakwenda polepole."

"Sasa faida iko wapi?"

Marlys alifikiri kidogo. "Duane akiugonga ule ua wa nyuma kwa baiskeli, akikimbia awezavyo, na mimi nikaugonga kwa trekta kwa mwendo wa kutembea, nani atatokea upande wa pili?"

Orrin alicheka kwa mara ya kwanza tangu alipofunguliwa mkono. "Ningependa kumwona Duane."

Fimbo za kwanza hazikufaa. Kigumba kilipokuwa kizito, fimbo laini ilijipinda ikitoka kwenye upinde, na walipopiga kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, karatasi ilichanika mchaniko mrefu wa kwenda upande, ishara kwamba mshale haukuruka sawa. Marlys akachukua fimbo ngumu zaidi, akazikata, wakapiga tena. Mchaniko ukafupika. Akakata nyingine fupi kidogo, na safari hii karatasi ikatoka na tundu moja safi, lenye alama tatu za manyoya kulizunguka. Mshale mzima ulikuwa na gramu thelathini na nne. Kisha akamfundisha kunoa, kwa mawe mawili na kipande cha ngozi, mpaka kigumba kikanyoa vinyweleo vya mkono bila kuvuta.

"Kisichonyoa hakipandi mtini," akamwambia. "Hii ni sheria yangu, na meza hii ni yangu."

Yote hayo Orrin aliyapokea. Lililomshinda kumeza lilikuwa moja. Mshale mzito huanguka upesi. Zamani alikuwa akipiga mnyama aliye umbali wa hatua thelathini na tano bila wasiwasi. Sasa, walipojaribu kwenye uwanja wa nyuma, mshale wa hatua thelathini na tano ulitua chini sana kuliko alivyodhani, na akikosea umbali kidogo tu, ungepita chini ya tumbo la mnyama.

"Ishirini," Marlys akasema. "Ishirini na mbili ukiwa na uhakika. Akiwa mbali zaidi ya hapo, mwache apite."

"Hata awe nani?"

"Hata awe na pembe za dhahabu."

Mwanzoni mwa Novemba, majani ya mialoni yakiwa yameshadondoka na madume yakikimbizana na majike bila adabu, dume kubwa lenye pembe za ncha kumi lilimpita Orrin asubuhi moja. Marlys alijua kuna jambo alipomwona akiingia jikoni na kuvua buti bila kuomba kahawa.

"Alikuwa wapi?"

"Kwenye ukingo wa mahindi. Thelathini na tano. Amesimama ubavu wazi, ananitazamisha kama picha ya kalenda." Akakaa. "Sikuvuta."

Marlys alimwekea kikombe na mkate wenye jibini. Alitaka kumshika mkono, akaona hapana, akaacha mkono wake mezani karibu na wake.

Kesho yake Duane alilipiga dume lile lile kwenye bonde la pili. Alilipiga kwa upinde wake wa ratili sabini na mshale mwembamba wenye kigumba cha kukunjua, katikati ya mbavu, na halikufika mbali. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na Marlys alimwambia hivyo. Jioni banda la magari la Duane lilijaa majirani, pembe zikapimwa kwa utepe, soseji zikaokwa, na Duane akawa hasemeki.

"Kaka yangu alimwona kwanza, lakini ule mshale wake ungefika Krismasi," akatangaza. "Shemeji, niambie kweli, unauruhusu utoke peke yake, au unaupa stempu kama barua?"

"Tunaupa chakula cha njiani," Marlys akajibu. Watu wakacheka, na Orrin akacheka nao, ila kicheko chake hakikufika machoni.

Nyumbani Orrin alilifungua podo, akaitoa mishale mizito, akaipanga mezani. Kisha akaileta ile miembamba na kuipanga kando yake.

"Ningekuwa na hii, yule angekuwa wangu," akasema.

"Pengine," Marlys akasema. "Ubavu wazi, amesimama, pengine ungempata. Sikatai. Duane ana mkono unaofaa mshale ule, na mshale ule unafaa mkono wake. Wewe mkono huo huna tena, Orrin. Uchague mshale wa mkono ulio nao." Akachukua kikombe chake. "Lakini yote iko hapo. Asubuhi chukua utakayo, sitakagua."

Na hakukagua. Alipanda dungu lake upande mmoja wa korongo kabla ya jua, Orrin akapanda la kwake upande wa pili. Palipokucha sawasawa, Marlys alimwona jike mkubwa akitoka kwenye vichaka, akiokota mbegu za mialoni, anasogea kidogo kidogo kuelekea kwa Orrin. Kupitia matawi matupu aliona bega la mumewe likisogea. Hakusikia upinde; upinde wa mshale mzito hauna kelele. Alichosikia ni pigo moja la chini, kama mtu aliyefunga kitabu kikubwa, na jike akaruka, akateremka korongoni, akapanda upande wake mbio, akachechemea, akasimama, na kuanguka mbele ya macho ya Marlys.

Marlys alishuka, lakini hakumsogelea. Alikaa kwenye gogo akamngoja mwenye kulungu wake.

Orrin alichukua muda wake, kama inavyotakiwa. Alipofika alikuwa amefuata damu hatua kwa hatua ingawa mnyama alionekana kutoka mbali, na mkononi alikuwa na mshale mwekundu kutoka ncha hadi mkia, wenye udongo kwenye kigumba.

"Mshale ulikuwa umesimama ardhini nyuma yake," akasema. "Hatua kumi na nane. Nimeachia tu, yeye akageuka. Niliona umeingia begani, nikasema basi, nimemjeruhi bure. Kumbe umepita. Umetoboa mfupa, ukapita."

Marlys aliinama, akaligusa bega la jike, akaona tundu la upande huu na la upande ule.

"Umepiga vizuri," akasema.

"Nimepiga vibaya kidogo," Orrin akasema. "Mshale ndio umepiga vizuri."

"Nani aliunoa?"

Orrin aliurudisha mshale podoni. Alivua kofia, akasimama kimya kidogo kando ya mnyama, kama alivyofundishwa na baba yake, kisha akatoa kisu.

Duane aliwakuta wakimburuta kuelekea barabarani, Orrin akivuta kwa mkono wa kushoto. Akashuka garini, akatazama tundu la kwanza, akamgeuza jike akatazama la pili. Akauchukua mshale kwenye podo la kaka yake, akaupima kwa kiganja, akaujaribu ukali wa kigumba kwenye ukucha.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha, "huu una gramu ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Unaweza kunitengenezea mmoja nijaribu?"

"Wewe una bega zima, na wiki hii umeshaona mishale yako inavyokufaa," Marlys akamjibu. "Siku bega likikuchoka, njoo. Kwa sasa shika miguu ya nyuma, tumpandishe garini."