Vijiko vya Darasa la Bi Pruitt

Jumanne, tarehe 6 Machi 2012. Asubuhi hiyo jiji la Calder liliamka na baridi kavu. Umande ulikuwa umeganda juu ya vioo vya magari, na jua lilitoka jeupe, halina joto, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ozella Pruitt alikwangua kioo cha gari lake kwa kadi ya maktaba, akaiweka kofia yake ya kanisani kwenye kiti cha pembeni, akaenda kuipigania leseni yake ya ualimu.

Leseni hiyo aliipata akiwa na miaka hamsini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa mpishi katika jiko la Shule ya Msingi ya Poplar Hill kwa miaka kumi na tisa, na miaka saba ya mwisho alisoma masomo ya jioni, mchana akifanya hesabu zake juu ya magunia ya unga huku maharage yakichemka. Wenzake jikoni walimtania. "Ozella, wewe ukimaliza kusoma utakuwa umefika umri wa kustaafu." Naye aliwajibu, "Basi nitastaafu nikiwa na chaki mkononi."

Mwaka wake wa tatu wa kufundisha, darasa lake la tano la watoto ishirini na watatu lilifaulu mtihani wa jimbo kuliko darasa lolote la mtaa ule. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mashine ya kusahihishia ilionyesha kwamba karatasi zao za majibu zilikuwa zimefutwafutwa mno: mara mia tatu tisini na saba jibu la kosa lilifutwa, likajazwa la sahihi. Na mwaka ule ilikuwa imekwisha kuthibitika kwamba katika shule mbili za wilaya ile walimu walijifungia na raba wakawarekebishia watoto majibu. Karatasi za Poplar Hill zililala siku mbili ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kuchukuliwa. Wapelelezi walijumlisha moja na moja, wakamtuhumu Ozella. Mpishi wa zamani, mkoroga masufuria, katoa wapi darasa la namna ile?

Wakili wa chama cha walimu, kijana mwembamba aitwaye Haskew, alimkuta kwenye korido ya jengo la wilaya.

"Bi Pruitt, wameleta karatasi ya mwisho. Ukisaini kwamba ulifuta, wanakufungia leseni miaka miwili tu. Usiposaini na ukashindwa leo, imekwenda moja kwa moja."

"Nisaini kwamba nimeiba?"

"Usaini kwamba yameisha, mama."

"Mwanangu, watoto walifuta wenyewe. Mimi ndiye niliyewafundisha kuonja."

Haskew aliacha kupekua faili lake. "Kuonja nini?"

Ozella alishangaa. Lilikuwa jambo la kawaida darasani mwake, wala hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyelijua. Alieleza. Jikoni hakuna sufuria linalotoka halijaonjwa, hata kama aliyepika ni malaika. Watoto wake walikuwa na woga, wakiona swali gumu wanaliacha wazi. Basi aliwaambia: kwanza pika, jaza duara la jibu kwa kila swali haraka, usiache hata moja. Kisha rudi, anzia swali la mwisho kuja la kwanza, onja kila jibu taratibu. Ukiona halina chumvi, chora kijiko kidogo pembeni ya swali ndani ya kijitabu, ufute, ujaze upya. Kila mtoto alikuwa na raba kubwa iliyoandikwa jina lake.

"Na siku ya mtihani wa jimbo walichora hivyo vijiko?"

"Sijui. Siruhusiwi kuangalia vijitabu vyao. Na msimamizi aliyeletwa kutoka shule nyingine aliwaonya wasichorechore."

Haskew alikuna kichwa. Vijitabu vya maswali vilifungwa na msimamizi yule yule adhuhuri ya siku ya mtihani, mbele ya darasa, vikapelekwa moja kwa moja ghala la wilaya na lakiri juu ya sanduku. Mashine haisomi vijitabu, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kulifungua lile sanduku.

"Mama, sikia nikuambie. Sanduku usilojua ndani mna nini, usiliombe mbele ya hakimu. Likifunguliwa vijitabu vikakutwa havina vijiko, hata mimi sitakuwa na la kusema."

"Nipe dakika tano."

Aliingia kwenye chumba kidogo cha mifagio, akasimama kati ya ndoo mbili, akafumba macho. Hakuomba kushinda. Alisema, "Bwana, nilifundisha nilichokijua. Kama watoto walinisikia, waonyeshe hawa. Kama hawakunisikia, nishike mkono nikitoka nje." Kisha akavaa kofia yake.

"Waambie walete sanduku," alimwambia Haskew.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, wengine bado na sare za kazi za usiku. Mheshimiwa Vandiver, hakimu mstaafu aliyeajiriwa kusikiliza mashauri yale, alikuwa mama mwenye nywele fupi nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani. Bwana Tarver, mpelelezi mkuu, alitandika chati yake ukutani.

"Mheshimiwa, watoto wa kawaida hufuta mara mbili, tatu hivi. Hawa, kwa wastani, wamefuta mara kumi na saba kwa kila karatasi. Hiyo haitokei. Kuna mkono wa mtu mzima hapo."

"Labda watoto wa kwenu hawarudii kazi yao," alisema mama mmoja nyuma, na watu wakacheka chinichini.

"Tafadhali," alisema hakimu, ingawa hakuonekana kukasirika.

Haskew alieleza habari ya kuonja, akaomba sanduku. Tarver alitabasamu. "Vijiko? Mheshimiwa, tumesikia mengi mwaka huu, lakini hili ni la jikoni kabisa."

"Ndiko nilikotoka," alisema Ozella, "na wewe ulikula, Bwana Tarver. Mwaka ule mlipokuja kukagua shule, ulirudia mkate wa mahindi mara mbili."

Safari hii hata hakimu aliinamisha uso kuficha kicheko.

Sanduku lililetwa saa tano. Lakiri ilikaguliwa, ilikuwa nzima, sahihi ya msimamizi juu yake. Hakimu aliikata mwenyewe, akachukua kijitabu cha juu, namba tisa, akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akaenda mpaka wa mwisho.

"Hapa hapana kitu. Ni safi."

Ozella alishika ukingo wa meza. Namba tisa alimjua. Ni Jerrica, binti mwenye kichwa kigumu, aliyemwambia mwaka mzima, "Mwalimu, mimi chakula changu hakionjwi."

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilitoka ya chini kuliko alivyotaka, "naomba uangalie karatasi yake ya majibu."

Hakimu alivaa miwani. Alipekua kwa kidole orodha ya Tarver ya majibu yaliyofutwa. "Namba tisa. Kufutwa, sifuri." Kidole kikasogea safu ya matokeo. "Na huyu alifeli."

Alichukua kijitabu cha pili, akakifungua, akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Kisha alikigeuza kielekee ukumbini. Pembeni ya swali la thelathini na nane palikuwa na kijiko. Swali la thelathini na tano, kijiko. La thelathini na moja, kijiko chenye mpini uliopinda. Vingine vilifanana na mwiko, vingine na upawa. Mtoto mmoja alikuwa amechora mvuke juu ya kila kijiko chake.

Walihesabu saa nzima, hakimu akisoma kijitabu, Tarver akisoma orodha. Kila palipofutwa palikuwa na kijiko. Kwenye kijitabu namba kumi na nne Tarver alisita.

"Huyu alifuta jibu sahihi akaweka la kosa."

"Na kijiko kipo," alisema hakimu. "Bwana Tarver, mwalimu akijifungia na raba, anafuta la sahihi aweke la kosa? Na kwa nini amwache namba tisa afeli?"

Tarver alitazama chati yake. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa amechoka na uongo wa mwaka mzima. Aliibandua chati ukutani, akaikunja polepole. "Hapana, mheshimiwa. Nilipaswa kulifungua hili sanduku Oktoba, tulipoanza upelelezi."

"Leseni inabaki kwa mwenyewe," alisema hakimu. "Na matokeo ya watoto yanasimama."

Watu waliinuka. Mtu alianza kupiga makofi, mwingine akasema amina, na zile amina zikapokezana mpaka mlangoni. Haskew alijisahau akamkumbatia Ozella, kofia ikaenda upande. Ozella alilia kidogo, bila sauti, midomo yake ikienda, na waliomjua walijua kwamba anashukuru.

Makofi yalipopungua, bibi mmoja mfupi mwenye mkoba mkubwa alikuwa bado amesimama katikati ya ukumbi. Alikuwa Bi Lurleen Mabry.

"Namba tisa ni mjukuu wangu," alisema. "Msinitazame hivyo, ukaidi kaurithi kwa babu yake. Nafurahi, mwalimu, kwamba kufeli kwake kumekuokoa. Lakini wa wenzangu wamefaulu, na wangu je?"

Ozella aliinyoosha kofia yake. Alitoka nyuma ya meza, akapita mbele ya hakimu na Tarver, akaenda akaushika mkono wa yule bibi, wote wakiona.

"Bi Lurleen, mbele za Mungu na mbele ya watu hawa: kila siku baada ya shule, kuanzia kesho, Jerrica atakaa na mimi, na sitamwachia mkono mpaka aonje mwenyewe na ajue ladha yake."