Vikinga vya Kabatini

Kuna watu hufunika makochi yao vitambaa mpaka makochi yanazeeka bila kukaliwa. Mkuu wangu wa shule, Mwalimu Gregori, ni mtu wa namna hiyo, na ndiye aliyekabidhiwa vikinga ugoko vya timu yangu ya mpira ya wasichana.

Sheria ya mashindano iko wazi: mchezaji asiye na vikinga ugoko haingii uwanjani. Vyetu tuliletewa na wafadhili tangu mwanzo wa muhula, vipya, vigumu, vinang'aa. Mkuu akavifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Kila nikiviomba kwa ajili ya mazoezi, jibu ni lilelile: "Kitunze kikutunze, Madam Makrina." Kitanitunzaje kikiwa kabatini? Wasichana wangu wakaendelea kupigana mateke bila kinga hapo shuleni kwetu Mandawa, na mimi nikawakanda kwa maji ya chumvi.

Niliyemhofia zaidi ni Swaumu, winga wangu. Mama yake, Bi Amna, alimruhusu kucheza kwa shingo upande. "Ufuta unavunwa, mwalimu, na mimi sina mwingine wa kunisaidia," aliniambia. "Siku akirudi anachechemea, mpira basi." Nikamwahidi kwamba sheria itamlinda. Hakuniamini. Siku ya mechi alipanda fuso pamoja nasi kwenda Nachingwea, akakaa juu ya tairi la akiba njia nzima.

Uwanjani Mkuu aligawa vikinga kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayegawa nyama ya harusi. Mwamuzi, Lukman, akawapanga wasichana mstari, akagonga kila mguu kwa filimbi yake. Ngo, ngo, ngo. Akaridhika, akaenda zake katikati ya uwanja.

Hapo ndipo Mkuu alipofungua begi lake. Ndani kulikuwa na vipande vya maboksi ya mafuta ya kula, vimekatwa vizuri kwa saizi ya ugoko.

"Haya, mabinti, vueni vikinga mnirudishie, vaeni hivi. Mwamuzi ameshakagua."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu huyu, ambaye kupanga ratiba ya vipindi humchukua mwezi, alikaa chini na mkasi akakata maboksi ya miguu ya timu nzima! Na wasichana, kwa utii tuliowafundisha wenyewe, wakaanza kushusha soksi.

"Pandisheni soksi!" nilipiga kelele.

"Vitapasuka," Mkuu alisema. "Wakaguzi wakija nitawaonyesha nini?"

"Utawaonyesha watoto wenye miguu."

"Utavijibia wewe."

"Nitavijibia."

Swaumu alinitazama, soksi moja juu, moja chini. "Sasa madam, tuvae vipi? Mbona mnatuchanganya?"

"Vaa kilicho kigumu."

Kipindi cha pili Swaumu alimtoka beki wao mmoja mrefu, akamtoka tena, na mara ya tatu yule beki akaachana na mpira, akafuata mguu. Mlio tuliusikia mpaka nje ya uwanja, kama ukuni mkavu unapovunjwa. Swaumu akaanguka, ameshika ugoko. Nilipoanza kukimbia, Mkuu alikuwa ameshanipita. Kumbe ana huruma, nikawaza, nimemwonea bure.

Akapiga magoti, akashusha soksi ya mtoto, akachomoa kikinga. Kilikuwa kimepasuka katikati.

"Si nilisema!" alilia, amekinyanyua juu ili nikione. "Nilisema mimi! Kipya kabisa hiki!"

Mtoto bado yuko chini. Nilitamani nimzabe kibao mbele ya timu zote mbili.

Bi Amna alikuwa ameshafika, kanga kiunoni. Akachuchumaa, akaupapasa mguu wa mwanawe kuanzia goti hadi kifundo, akaubonyeza, akaukunja, akaukunjua. Alama nyekundu tu.

"Niko poa, mama," Swaumu alisema. "Umeuma kidogo tu."

Bi Amna akasimama. Akachukua kikinga kwenye mkono wa Mkuu, akakitazama ufa wake, kisha akamrudishia kiganjani na kumfumba vidole.

"Hiki kirudishe kabatini, mwalimu," alisema. "Mguu ninao mimi."

Halafu akanigeukia. "Mwalimu Makrina, mpe kingine. Mechi haijaisha."